Mdomo wa Kaka

Mhariri alizungumza kwa muda mrefu, na Kaka akatafsiri kwa ishara tatu.

"Nzuri. Moja. Itoke."

Mpiga Pasi aliitazama mikono ya kaka yake ikirudi kupumzika mapajani, kisha akamgeukia tena mhariri. Alikuwa mama wa makamo, miwani kaipandisha kichwani, kiganja kimoja bado kikiwa juu ya bunda la karatasi zenye hadithi. Alikuwa amesema mengi mama huyu, haraka mno kwa mtu anayesoma midomo. Katikati alicheka. Mara moja aliupeleka mkono kifuani na kuuacha pale. Sasa alikuwa akimkodolea macho Kaka, kama mtu aliyenunua nanasi akakatiwa boga.

"Ipi itoke?" Mpiga Pasi aliuliza kwa mikono.

"Ile ya harusi," Kaka alijibu. Hakumtazama usoni. "Anasema imezidi. Zilizobaki zinatosha kitabu."

"Kwa nini imezidi?"

"Ndivyo anavyosema. Ni wakubwa wa kazi yao, dada. Tushukuru."

Mpiga Pasi alishukuru. Aliinamisha kichwa, akapeana mkono na mhariri, na mhariri akaushika mkono ule kwa viganja viwili, akakawia kuuachia, akimtafuta macho. Kisha wakatoka. Ngazini Kaka alitangulia, shingo yake imeiva wekundu juu ya kola, kola ambayo Mpiga Pasi mwenyewe aliinyoosha asubuhi hiyo.

Kazi yake ilikuwa pasi, katika duka kubwa la dobi nyuma ya soko. Tangu asubuhi hadi jioni alisimama kwenye meza yenye blanketi, mvuke ukimlowesha uso, mashine za kufulia zikitikisa sakafu mpaka nyayo zake zikajua ipi inakamua na ipi inasuuza. Kelele zilikuwa za wenzake. Yeye alibaki na mtetemo. Homa ya utotoni ilimwachia roho ikaondoka na masikio. Mtaani walimwita Bubu, ingawa alikuwa na sauti na alipochekeshwa aliitoa. Mwenye duka alimpenda kwa sababu hana porojo. Hakujua kwamba mama mmoja aliyeleta shati la mumewe lenye doa la wanja, na namna alivyolikunja ili doa lisionekane, alikuwa ameshaingia hadithini.

Hadithi aliziandika kwenye simu, wakati wa chakula, kaketi juu ya furushi la mashuka. Alizituma mwenyewe kwa mchapishaji bila kumwambia mtu. Jibu lilipokuja, likamtaka aje ofisini na mkalimani, hakuwaza mara mbili. Kaka ndiye aliyekuwa mdomo wake tangu utoto. Kaka ndiye, kila dada yake aliporudi likizo kutoka shule ya viziwi, aliyelala naye chini ya blanketi moja na tochi, akijifunza ishara moja baada ya nyingine, wakati Mama mpaka leo alijua kuonyesha kidole tu: maji, njoo, lala, aibu.

Na Kaka alikuwa na mdomo kweli. Aliuza samani, na dukani kwao walimwita Bwana Sofa. Mtu aliingia kutafuta kigoda akatoka na kabati la milango mitatu, huku akimshukuru. Hakuwa msomaji. Alisoma bei na matokeo ya mpira, basi. Ndiyo maana hakuwa amesoma hata mstari mmoja wa dada yake mpaka siku aliyokaa kwenye kiti kile cha ofisini, akasikia kutoka kwa mtu baki kilichoandikwa juu yake.

*

Siku hizo nyumbani Kaka alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Alimletea dada yake kalamu ya kifahari, kwenye kijisanduku, ilhali alijua anaandika kwa simu. Mezani alisimulia kwa mdomo na kwa mikono kwa wakati mmoja, jambo ambalo alikuwa ameliacha tangu aoe.

"Mwandishi huyu hapa!" alimwambia mkewe. "Utasema nilikuwa namficha!"

Wifi hakucheka. Alikuwa mwanamke mtaratibu, muuza dawa, aliyezoea kusoma maandishi mabaya ya madaktari, na nyuso pia alizisoma hivyohivyo, bila haraka. Alimtazama mumewe, akamtazama wifi yake, akaendelea kula.

"Jumapili wakwe zangu wanakuja," Kaka alimwambia dada yake kwa mikono, akijifanya limempitia tu akilini. "Kama kawaida, ee?"

Kama kawaida maana yake Mpiga Pasi ataingia na sinia la chai, ataliweka mezani, atapokea kutoka kwa mama mkwe mfuko wa nguo kuukuu, atainama kidogo, atarudi jikoni na kukaa huko mpaka viatu vya wageni viondoke mlangoni. Mama alikuwa amezoea. Kaka alikuwa amezoea. Yeye pia alikuwa amezoea, mpaka siku alipoiandika harusi ile, na vidole vikakataa kumalizia mahali alipotaka kumalizia yeye.

Ile hadithi aliipenda kuliko zote. Ndiyo maana haikumtoka kichwani. Akiwa kwenye pasi alimwona tena mhariri akiweka mkono kifuani. Nani anashika kifua chake kwa kitu anachotaka kitupwe? Alinyoosha mikono ya mashati, akawaza. Alinyoosha makunjo ya suruali, akawaza. Siku yake ya mapumziko ilipofika, alijifunga kitambaa, akamwambia Mama kwa kidole kwamba anakwenda sokoni, akaenda kwa mchapishaji peke yake.

*

Mhariri alimtambua mlangoni. Alitazama nyuma yake kumtafuta mkalimani, akaona hayupo. Kisha akavuta kiti kingine upande wake wa meza, akageuza kioo cha kompyuta ili waone wote wawili, akaandika: *Karibu. Tuongee hapa.*

Mpiga Pasi aliandika: *Nataka kujua kwa nini hadithi ya harusi haifai.*

Mhariri aliisoma. Akateremsha miwani kutoka kichwani, akaisoma tena.

*Haifai?* aliandika. *Dada yangu, hiyo ndiyo iliyonifanya nikuite. Nilikuambia siku ile, hiyo ndiyo nzuri kuliko zote. Nilikusimulia jinsi nilivyomsomea mume wangu pale dada mtu anapokabidhiwa taa. Ni wewe uliyesema unataka itoke. Kaka yako alisema umeiandika kwa hasira na sasa unaionea haya.*

Mpiga Pasi hakugusa vitufe. Alisoma mistari ile kama mtu anayekagua shati lililoungua, akitafuta kama doa litatoka. Haliwezi kutoka. Chini, mtaani, gari kubwa lilipita na kioo cha dirisha kikatetemeka, alikiona kikitetemeka.

*Yule kaka wa kwenye hadithi,* mhariri aliandika polepole, *ndiye huyu?*

*Ndiye.*

Mhariri alijishika kichwa. Alisema kitu kwa mdomo, akakumbuka, akakiandika: *Mungu wangu. Nami nilikuwa nakusifia mbele yake jinsi ulivyomchora mtu mwoga.*

Hapo Mpiga Pasi alicheka. Hakukusudia. Sauti ilimtoka kubwa, na mtu wa meza ya mbali akageuka. Mhariri naye akacheka, na wakacheka wote mpaka machozi yakamtoka Mpiga Pasi. Baadaye yalibaki machozi peke yake, na mhariri akamsogezea leso.

Walipotulia, mhariri alirudi kazini, kwani kazi nayo ni dawa. Alimwonyesha ukurasa. *Nilitaka kuzinyoosha sentensi zako, nikashindwa. Kila mara mahali panakuja kwanza. "Mlangoni, Kaka, anasimama." Kwa nini?*

*Kwa mikono huwezi kumleta mtu kabla hujamwekea mahali,* Mpiga Pasi aliandika. *Atasimama wapi?*

Mhariri aliitazama sentensi hiyo muda mrefu.

*Basi sizigusi,* aliandika. *Na ya harusi?*

*Nipe mpaka Jumatatu.*

*

Ugomvi wao ulikuwa uani, jioni, kando ya kamba ya nguo. Mtu aliyepita angedhani ndugu wawili wanafukuza nzi.

"Nimekwenda kwa mhariri," alianza dada.

Mikono ya Kaka ilibaki hewani, haikujua iende wapi.

"Nilikulinda," alisema hatimaye.

"Ulijilinda."

"Ungejua watu watakavyosema! Baba mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu. Kila kinachochapwa anakisoma, mpaka karatasi ya kufungia sukari. Atakisoma kitabu chako. Uso wangu nitauficha wapi?"

"Na wangu niliuficha wapi?" alisema dada. "Jikoni. Kila wanapokuja."

"Lilikuwa neno la siku moja tu."

"Haijaisha, siku yenyewe."

Kaka alilivuta shuka lililokuwa kwenye kamba, akalikunja vibaya, akalikunjua. "Nimepigana na wavulana wangapi kwa ajili yako?" aliuliza. "Nani aliyejifunza mikono hii? Mama? Baba, Mungu amrehemu? Nani aliyekwenda nawe hospitali, benki, kwa mwenye duka? Mdomo wako ni nani?"

"Ni wewe," alisema dada. "Ndiyo maana nimeumia. Angenidanganya mtu mwingine ningekasirika tu."

Mtu akiishiwa jibu huokota jiwe, naye Kaka aliokota lililokuwa karibu.

"Hii nyumba unamolala ni yangu."

Alipolisema tu, mikono yake ilijikunja yenyewe kama iliyoungua. Lakini ishara haina kurudi, ikishaonekana imeonekana.

Mama alikuwa ametokea mlangoni. Hakuelewa ishara ila aliielewa hali. Alimwonyesha binti yake kidole: ingia ndani. Kisha akaonyesha shavu lake, akilipiga kwa kiganja: aibu. Midomo yake ilisema, polepole na kwa ukubwa, kama ilivyosema maisha yote, "Usi-ivunje nyumba ya ka-ka yako, mwa-nangu."

Na nyuma ya Mama akatokea Wifi, kashika mwiko.

"Mnasema nini?" alimwuliza mumewe.

"Hamna kitu."

"Hamna kitu hakina mikono mirefu hivyo. Niambie."

Akamwambia. Mpiga Pasi hakusikia maneno, ila aliona mdomo wa kaka yake, ule mdomo uliouza makabati, ukitafuta neno kama mtu anayetafuta funguo gizani. Wifi alisikiliza mpaka mwisho. Akamkabidhi Mama mwiko. Akaja mpaka mbele ya wifi yake, akafuta mikono kwenye khanga, akaiinua. Alikuwa amejifunza ishara chache kwa kuchungulia, akiona haya kuuliza.

"Mimi," alisema kwa mikono. "Nilijua. Wiki ya kwanza. Nilinyamaza. Sabuni."

Mpiga Pasi alikunja uso. Sabuni?

Wifi akarudia, kwa uchungu zaidi, kiganja kikisugua kiganja: "Sabuni. Sabuni sana."

Kaka aligeuza uso ukutani. Mabega yalimtikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka. Mpiga Pasi aliishika mikono ya wifi yake, akaifungua vidole, akaipanga upya na kuipeleka kifuani, na kuizungusha polepole. Hii. Samahani ni hii. Wifi akairudia vizuri, na safari hii macho yake yalijaa.

Mpiga Pasi akamgeukia kaka yake.

"Jumapili nitaleta chai," alisema. "Nikishaiweka, nitakaa. Kuna kiti karibu na Mama. Utawaambia wewe, au watasoma. Chagua."

*

Jumapili alipiga pasi gauni lake mwenyewe. Lilikuwa la kijani, na alishangaa jinsi alivyolifahamu kidogo, kola yake na mikunjo yake, wakati nguo za watu baki alizijua kama viganja vyake.

Wageni walifika mchana. Baba mkwe, mrefu, kifimbo mkononi, alichukua kochi lililotazama mlango. Mama mkwe aliketi kando yake, mfuko wa nguo kuukuu umekaa miguuni kwake kama paka. Kaka alikuwa akiongea. Aliongea tangu walipoingia, juu ya mvua, juu ya bei za mbao, juu ya goti la baba mkwe. Mpiga Pasi aliingia na sinia, akalishusha, akapanga vikombe. Mama mkwe akaunyanyua mfuko na kumnyooshea.

Aliupokea. Akauweka chini. Kisha akakaa kwenye kile kiti karibu na Mama.

Chumba kikasimama. Mama akashika ukingo wa khanga yake na kuutazama. Mama mkwe alimtazama kwanza kwa subira, kama unavyomtazama msaidizi aliyesahau jambo na sasa hivi atakumbuka. Alipoona hakumbuki, alimgeukia mkwewe, na Mpiga Pasi alisoma midomo yake bila taabu: "Mbona huyu kakaa?"

Kaka alimtazama dada yake. Kwa muda ule alikuwa na njia nyingi. Mtu wa mdomo kama wake angetokea kwenye tundu la sindano. Wifi aliacha kumimina chai.

Kisha midomo ya Kaka ikasema maneno ambayo Mpiga Pasi aliyajua kabla hajajua kusoma: "Ni dada yangu."

"Dada kwa vipi?" aliuliza mama mkwe.

"Wa tumbo moja, mama. Mama yetu huyu hapa. Siku ile ya harusi nilikudanganya."

Na bila kuambiwa na mtu, aliinua mikono, na kila alilosema tangu hapo alilisema kwa vyote viwili, ili dada yake naye asikie.

Mama mkwe alipigwa na butwaa, kisha hasira. Haikuwa kwa Mpiga Pasi. "Miaka yote hii!" alisema. "Namletea mabaki! Blauzi zilizochanika! Mkwe, umenifanya nimvishe dada yako matambara, nami nikienda nyumbani najiona mwema? Hivyo ndivyo unavyoniheshimu?" Aliuvuta ule mfuko, akauficha nyuma ya kochi, kama vile ukionekana ndio utakaomshtaki. Mama alianza kulia taratibu. Baba mkwe aliinua kifimbo kidogo, na wote wakatulia, kwani ualimu haumtoki mtu hata akistaafu.

"Kwa nini leo?" aliuliza.

"Ameandika kitabu," alisema Kaka. "Na humo nimo."

"Umesemwa vibaya?"

"Nimesemwa."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Alimgeukia Mpiga Pasi, akamtazama yeye, si mkalimani wake, na akasema taratibu bila kupiga kelele: "Binti, unaweza kutusomea?"

Kaka alitafsiri. Kisha akaongeza, ishara ndogo, karibu na kifua, ya chini ya blanketi: "Si lazima."

"Nitasoma," alisema dada. "Wewe utatoa sauti."

Alisimama, akaegemeza simu kwenye birika aione, ingawa hakuihitaji. Alianza. Ukumbi, mapema, viti vinapangwa. Kwa mikono aliuweka ukumbi mbele yao: jukwaa kule, mlango huku, meza ya keki pale. Kaka alikaa pembeni yake akisema. Midomo iliyo pembeni haisomeki: kama anasema sawasawa, Mpiga Pasi hangejua. Hakuwahi kujua. Maisha yake yote maneno yake yalipita kwenye mdomo ule yakaenda zake, naye akabaki kuamini.

Ila leo kulikuwa na nyuso nne mbele yake, na nyuso ndizo zilizomfundisha kuandika.

Alifika kwa mjomba wa bi harusi aliyecheza mpaka kiatu kikamruka na kuangukia mezani kwa wazee. Akasubiri. Uso wa baba mkwe ukakunjuka, kifimbo kikagonga sakafu, na Wifi akajiziba mdomo akicheka: alikuwa mjomba wake. Sawa. Hapo Kaka alisema kweli. Alifika kwa mpiga picha, aliyewapanga ndugu wote mistari miwili, akatafuta mtu wa kumshikia taa, akamwona msichana kasimama kando bila kazi, akamkabidhi. Picha ile bado ilikuwa ukutani, juu ya kichwa cha Mama, nyuso zote zinang'aa. Wifi aligeuka akaitazama. Mama hakugeuka, alijiinamia. Sawa. Hapo pia.

Kisha akafika pale. Hapo hadithi haikuwa na ishara nyingi. Meza ya keki, Kaka, mama mkwe. Mama mkwe anamwuliza kaka yule binti wa taa ni nani, anataka kumsalimia. Kaka anadhani dada yake anatazama kwingine. Hatazami kwingine. Akasema kwa mikono kile alichokisoma midomoni mwa kaka yake siku ile, neno kwa neno: Msaidizi wetu wa kazi. Hasikii. Usijisumbue kumsalimia.

Kaka alinyamaza.

Aliona kifua chake kikipanda na kushuka. Chumba kizima kilimwangalia. Angeweza kusema lolote, na dada yake hangejua, wala Wifi, wala Mama, wala mzee. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kuyasikia maneno yale kwa masikio yake, na Mpiga Pasi alimkazia macho huyo.

Midomo ya kaka yake, pembeni ya jicho lake, ikaanza kutembea. Haikutembea sana.

Mama mkwe alisikiliza. Kwanza hapakuwa na kitu usoni mwake. Kisha kope zikapepesa, kama mtu anayesikia hatua za mgeni anayemjua zikikaribia mlango. Kisha akafumba macho, kichwa kikainama mara moja, polepole, na mkono wake ukaenda kufunika mdomo. Alikumbuka. Ndiyo yenyewe, neno kwa neno. Usijisumbue kumsalimia, nayo imo.

Kaka alikuwa akilia bila kujifuta, kwa sababu mikono aliiacha tayari mapajani, viganja wazi, akimsubiri dada yake aendelee. Mpiga Pasi alimtazama kwa muda. Hadithi ilikuwa haijaisha. Kulikuwa bado na kurasa tatu, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kuchekesha. Akavuta pumzi, akauweka ukumbi tena mahali pake, akaendelea.